Mikono ya bibi ukutani

Jana usiku niliazima projekta ya mjomba, ile anayoonyeshea mpira bandani kwake hapa Mikindani, nikaielekeza kwenye ukuta wa matumbawe wa nyumba ya bibi. Picha ni moja tu: mikono ya bibi ikibangua korosho, dakika nne, inarudia na kurudia.

Bandani tunakaa kwenye mabenchi, sinema ina mwanzo na mwisho. Hapa watu walikuwa wanapita. Mama mmoja alikatiza kwenye mwanga, mikono ikamwangukia kwenye kanga, akasimama palepale. Nilikuwa nakitafuta kitu hiki tangu niliposoma habari za Nam June Paik, msanii wa video mzaliwa wa Seoul, aliyeonyesha televisheni alizozichokonoa kule Wuppertal, Ujerumani, mwaka 1963. Mwaka 1974 aliiweka sanamu ya Buddha mbele ya televisheni, kamera ikiipiga, ikawa inajitazama yenyewe. Hadithi hakuna, na bado huondoki.

Chokaa imebanduka, vidole vikawa vinakatika kwenye mashimo ya mawe. Kitambaa cheupe kisingenipa hivyo. Bibi akatoka barazani, akaweka kiganja chake juu ya kile kikubwa. "Mjukuu wangu, mbona korosho haziishi?"