Mtoki usiouma

Hapa kwetu Tanga mtu akichomwa na mwiba mguuni, kidonda kikatunga usaha, baada ya siku mbili tatu anaanza kuchechemea: mtoki umemtokea kwenye kinena. Hakuna anayeshtuka. Atakandwa maji ya moto, atameza dawa, kidonda kikikauka mtoki unashuka. Mimi nimesafisha vidonda miaka mingi, na mtoki ninaouogopa ni ule mgumu usiouma, unaokaa mwezi mzima hautaki kushuka, halafu ukimvua mwenyewe kiatu unakuta doa jeusi kisiginoni.

Alikuja mzee mmoja, mkulima wa machungwa wa Muheza. Doa la kisiginoni mwake alidhani ni sugu lililochubuliwa na gambuti. Nilipolisafisha nikakuta nyama laini, nyekundu katikati, inayotoa damu ukiigusa tu kwa pamba, na pembeni rangi imetambaa bila mpangilio, kahawia huku, nyeusi tii kule.

"Shikamoo baba. Hiki kimeanza lini?"

"Marahaba mwanangu. Tangu mwaka juzi. Ila hakiumi."

Kipande kikakatwa, kikaenda maabara, majibu yakarudi: melanoma. Hiyo ni saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Sisi weusi haitupati sana, lakini ikitupata hupenda unyayo, kiganja au chini ya kucha, mahali ambapo jua halihusiki. (Ndugu zetu wenye ualbino jua linawaumiza kweli, ila saratani zao za ngozi nyingi ni za aina nyingine.)

Tabaka la juu kabisa la ngozi halina mshipa hata mmoja. Melanoma ikikatwa ikiwa bado iko huko, haijapata njia ya kusafiri. Ndiyo maana maabara hupima imezama milimita ngapi, kipimo alichokianzisha Alexander Breslow mwaka 1970. Ikiwa chini ya 1, tunapumua. Ikipita 4, tunaanza kuuliza imefika wapi.

Tabaka la chini yake lina mishipa ya damu na ya limfu, yaani maji yanayovuja kutoka kwenye damu. Ile ya limfu kuta zake ni nyembamba mno, seli zake zimepandana kingoni na kuacha upenyo ili maji hayo yaingie yarudi. Seli ya saratani nayo hupenya hapo hapo. Ikitoka kisiginoni inapanda hadi kinenani, wakati mwingine inaishia nyuma ya goti. Tezi za pale ni mizani ya barabarani: kila lori lazima lisimame likaguliwe. Seli nyingi hufia hapo. Zinazonusurika huzaana, tezi inajaa na kuwa ngumu: huo ndio mtoki usiouma. Zikivuka, limfu ya miguu yote miwili humwagika kwenye mshipa mkubwa wa damu chini ya shingo, upande wa kushoto, na moyo unazisukuma mapafuni. Kutoka huko ini, mifupa na ubongo viko wazi.

Seli nyingine hukwama njiani. Mzee alikuwa na vivimbe viwili vyeusi juu ya kifundo cha mguu, akidhani ni majipu yaliyokataa kuiva.

Na si lazima zipite kwenye tezi. Seli inaweza kuingia kwenye mshipa mdogo wa damu pale pale unyayoni ikaondoka, kwa hiyo kukosa mtoki si cheti cha usalama. Melanoma ya ndani ya jicho, ambako hakuna mishipa ya limfu, husafiri kwa damu na mara nyingi hukimbilia ini.

Vijana wa bodaboda wenye picha ya Bob Marley hunibishia kwamba aliuawa na mpira. Mwaka 1977 alikutwa na melanoma chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Mpira ulifanya kidonda kionekane cha kawaida tu, lakini saratani haikuletwa na mpira. Alikataa kukatwa kidole, wakamfanyia upasuaji mdogo. Mwaka 1980 akaanguka akikimbia mazoezi New York. Ilikuwa imeshafika kwenye ubongo. Alifariki tarehe 11 Mei 1981, ana miaka 36.

Mzee aliniuliza: "Wakinikata mguu mzima, si itakuwa imekwisha?" Nikamwambia daktari atakata kidonda na nyama nzima kidogo kukizunguka, na tezi za kinenani zitapimwa. Mguu hata ukiondolewa wote, seli iliyokwisha kufika kifuani haiufuati.