Keki ya Malimau na Kesi ya Mama

Nimeamka saa kumi na mbili kasorobo, nikaingia jikoni na soksi miguuni maana sakafu ya Nairobi mwezi wa Julai haikanyagiki, nikamkuta mama keshakaa. Leso mbili mabegani, sweta langu juu yake, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Kando yake sahani yenye makombo ya manjano.

"Sabalkheri, mama."

"Sabalkheri, baba. Hiyo keki yako nimeionja. Ukingoni tu."

Nikafungua friji. Huo ukingo ulikuwa umeliwa hadi karibu na katikati.

Naandika haya kabla nyumba haijaamka, kwa sababu keki hii ina kesi ya miaka mingi nyuma yake.

Mama ndiye aliyenifunza kuoka. Nyumbani Mombasa hatukuwa na oveni. Tulikuwa na jiko la makaa, sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, sufuria ndogo ya keki ndani yake, mfuniko, na makaa juu ya mfuniko. Makaa ya juu yazidi ya chini, hapo ndipo penye kazi. Vipimo vyake vyote ni kikombe kimoja cha bati kilichoungua ukingo, ambacho hadi leo hakuna anayeruhusiwa kukinywea maji. Nilipohamia Nairobi mwaka 2011 alinisomea vipimo hivyo nikaviandika kwenye karatasi ya daftari la hesabu, kila kiungo katika mraba wake.

Keki ya kwanza niliyooka huku ilipanda vizuri mno. Niliichungulia kwenye kioo cha oveni nikajisifu. Kufika wakati wa kuitoa ilikuwa imebonyea katikati kama godoro la mgeni. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu mke wangu aliitazama akasema, "Ukitia supu hapo itakaa."

Nikampigia mama. Hukumu yake ilikuwa fupi: nafungua oveni mapema, sina subira, na sikuwa nayo tangu utotoni. Mimi nami, moyoni, niliamini kuna kitu amenificha. Wapishi wa mtaani kwetu ndivyo walivyo, atakupa mapishi yote abakishe kimoja. Basi tukaishi hivyo, yeye akiamini mwanawe ana pupa, mimi nikiamini mamangu ana siri, na kila Idi nikienda pwani nakula keki yake iliyonyooka juu kama meza na kunung'unika kimoyomoyo.

Aliyetupatanisha ni jirani wa ghorofa ya chini, anayeoka keki za harusi. Nilimpelekea kipande cha ile iliyobonyea nimuulize tatizo. Hata hakukionja. Aliuliza, "Mapishi ni ya wapi?" Nikamwambia Mombasa. Akacheka. "Huku tuko mlimani, ndugu yangu."

Na kweli. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na Mombasa iko pale pale bahari ilipo. Hewa ya huku ni nyepesi. Maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndiyo sababu maharagwe ya Nairobi hukaa motoni mpaka ukayasahau. Kwenye keki, ile gesi ya beking pauda haina uzito wa kuikandamiza, kwa hiyo inafura haraka, keki inapanda kabla unga na mayai havijashikana, halafu haina mifupa ya kusimamia. Inaanguka. Dawa yake ni kupunguza beking pauda karibu robo, kupunguza sukari kidogo, kuongeza maji au maziwa vijiko viwili, na kuzidisha moto wa oveni nyuzi kumi hivi ili ishike upesi. Nilifanya hivyo mara moja tu, keki ikasimama. Nilikaa nayo mezani dakika nzima bila kuikata.

Sasa, habari hiyo sikuwahi kumwambia mama. Kwa simu ingesikika kama udhuru.

Alifika Jumatano kwa treni, na kikapu cha ukili kilichokuwa kizito kuliko begi lake. Ndani kulikuwa na machungwa, malimau, ndimu, na madanzi matatu ya mtu fulani wa achari ambaye sikumfahamu vizuri. Binti yangu, mtoto wa Nairobi huyo, akashika chungwa akasema, "Nyanya, haya bado hayajaiva." Ni ya kijani, kweli. Mama hakujibu. Alilimenya moja, akampa pande, akangoja. Machungwa ya pwani huiva ndani yakabaki kijani nje kwa sababu usiku wa kule hauna baridi ya kuifukuza ile rangi kwenye ganda. Yale ya rangi kali yenye vibandiko, ya kutoka Afrika Kusini na Misri, yamepigwa baridi shambani na nta baada ya kuvunwa. Mazuri kwa macho. Lakini ukitaka kukwaruza ganda kwa ajili ya keki itabidi uyasugue kwanza kwa maji ya uvuguvugu, la sivyo unakula mshumaa.

Kwa hiyo nilikuwa na matunda, na Jumapili ilikuwa inakuja, siku moja tu katika wiki ambayo watu wote wa nyumba hii wanakunywa chai wameketi. Nikasema nitaoka keki yenye kastadi ya limau na chungwa ndani yake, tuile asubuhi.

"Keki asubuhi?" mama aliuliza. Kwake yeye asubuhi ni mahamri na mbaazi. Keki ni ya alasiri, wageni wakija, au ya Idi. "Na limau? Limau ni la achari na la mafua, baba."

Alikaa kwenye kigoda kunisimamia. Niliutikisa mtungi wa gesi kusikiliza kama ungetufikisha (ungetufikisha, kwa taabu), nikaanza na kastadi. Hapo ndipo tulipokosana tena, maana kwa mama kastadi ni unga wa mkebe, maziwa, na ndizi zilizokatwa vipande. Nilipovunja yai la kwanza akauliza la nini. Nikamwambia kastadi ya asili ni ya mayai. Ule unga wa mkebe ulibuniwa mwaka 1837 na mwanakemia wa Birmingham, Uingereza, Alfred Bird, kwa sababu mkewe mayai yalikuwa yanamdhuru. Akatumia unga laini wa mahindi badala yake.

Mama akanyamaza kidogo. "Alimpenda," akasema, akaendelea kupuliza chai.

Nilitumia viini vitatu, sukari gramu 60, unga laini wa mahindi gramu 25, maziwa mililita 300, na ganda la limau moja na la chungwa moja, lile la juu tu. Ukikwaruza hadi kwenye ule weupe umeingiza uchungu ambao sukari haiutoi. Maziwa yanapashwa moto, yanamiminwa kwenye viini kidogo kidogo huku unakoroga, kisha yote yanarudi motoni. Mama alitaka niepue mara tu ilipokuwa nzito. Hata mimi ningefanya hivyo mwezi uliopita, na mwezi uliopita nilifanya. Kastadi ililala nzito ikaamka uji. Kumbe ndani ya kiini cha yai mna kimeng'enya kinachotafuna wanga polepole usiku kucha, na hakifi mpaka kastadi itokote kweli, vipovu vivunjike juu yake kwa dakika moja au mbili. Ukikoroga bila kusita, ule unga wa mahindi unayakinga mayai yasikatike. Maji ya limau, vijiko vitatu vya chakula, nilitia baada ya kuepua. Ukiyatia mwanzoni unahatarisha maziwa kukatika, na ukali wake ukichemshwa unalegeza wanga.

Nikaifunika na sahani, nikaiweka barazani. Julai ya Nairobi ni friji ya bure. Ila adhabu yake utaiona kwenye siagi. Mombasa ukiiacha mezani dakika kumi inakuwa mafuta. Huku ilikaa kutwa nzima na bado kisu kiliigonga. Ikabidi niweke bakuli juu ya sufuria ya maji moto, nikachapa siagi gramu 150 na sukari 140 kwa mwiko hadi mkono ukafa ganzi, maana mashine ya kuchapia iliharibika Mei na fundi bado "anakuja".

Binti yangu alipewa kazi ya kuvunja mayai matatu ya keki. Mama akamtegea kitendawili: "Nyumba yangu haina mlango." Mtoto akatazama dari, akatazama friji, akatazama yai alilolishika mkononi, akasema hajui. Tulimwacha alivunje.

Unga gramu 200, beking pauda kijiko kimoja cha chai, maji ya chungwa moja, maziwa vijiko viwili. Nusu ya mchanganyiko kwenye chombo cha sentimita 22, kastadi iliyopoa juu yake bila kufika ukingoni, kisha nusu iliyobaki. Ipoe sawasawa. Ikiwa moto inayeyusha siagi na kuzama hadi chini, upate chapati ya limau. Ute wa mayai matatu ya kastadi uko friji hadi sasa na kila mtu anaupita.

Keki hii haipimwi kwa kijiti, kwa kuwa kijiti kitatoka kimelowa hata ukioka hadi kesho. Unatazama ukingo ukibanduka, na ukisukuma chombo katikati patikisike kidogo. Dakika hamsini kwenye nyuzi 190. Haikubonyea. Mama aliizunguka, akainama kuitazama kwa usawa wa macho kama fundi seremala, akasema, "Mbona haikuanguka?"

Nilikuwa nimechoka. Nikasema nitamweleza asubuhi, na mtu asiiguse kabla haijalala, kastadi ishike. Mnajua ilivyokuwa.

Basi leo nimemweleza, huku namkatia kipande cha tatu. Ndani imetulia, utepe wa manjano katikati, ukali wa limau unafika baada ya utamu, si kabla. Nikamweleza mlima, hewa, gesi, mifupa ya keki. Alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kwa hivyo miaka yote hiyo wanidhania nimekuficha kitu."

"Na wewe wanidhania nafungua oveni."

"Ulikuwa wafungua," akasema.

Mtoto ameamka. Mama amemkalisha na kalamu, amwandikie vipimo avipeleke Mombasa awaoneshe wenzake. Sukari gramu 140, mtoto ameandika. Siagi 150, ameandika. Beking pauda kijiko kimoja.

Nikawakatiza. Nikamwambia mama, huko kwenu kijiko kimoja hakitoshi, itakuwa nzito kama tofali, arudishe vipimo vyake vya zamani.

"Vya kikombe changu?"

"Vya kikombe chako."

Akanywa chai yote iliyobaki kwanza. Kisha akamgeukia mjukuu. "Andika kijiko kimoja na nusu. Na hiyo nusu, itie mstari chini yake."