Marafiki Bila Harusi Wala Msiba

Hapa Mbeya mtu mzima hakosi watu. Ana kikundi cha vikoba, ana jumuiya ya kanisani, kuna kamati ya harusi inayomdai mchango, na kuna kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja ambalo huamka tu anapofariki mzazi wa mmoja wao. Siwabezi watu hao, kwa kuwa baba yangu alipofariki ndio waliohangaikia kila kitu, kuanzia maturubai hadi masufuria. Hata hivyo, mtu anaweza kuzikwa na umati mkubwa ilhali alipokuwa hai hakuwa na hata mmoja wa kumwambia kwamba jana hakupata usingizi.

Jeffrey Hall, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas huko Marekani, alichapisha mwaka 2018 makadirio kwamba watu wazima huhitaji takribani saa 50 za kuwa pamoja ili kufikia urafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 ili wawe marafiki wa karibu, na kwamba saa za kufanya kazi pamoja hazisaidii sana. Ukizihesabu saa za misiba na vikao vya michango, utaona kwa nini tunafahamiana miaka mingi bila kujuana.

Wanyakyusa wa zamani kule Rungwe walilitatua jambo hili kwa namna yao. Wavulana wa rika moja waliondoka kwa wazazi wakiwa na umri wa miaka kumi hivi, wakajenga vibanda vyao, na hata walipooa waliendelea kuishi kijiji kimoja hadi uzeeni. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huko katika miaka ya 1930, waliyaeleza maisha hayo kwa kirefu. Wanawake hawakuwa na bahati hiyo, kwani mke alihamia kwenye kijiji cha rika la mumewe, na rika lake mwenyewe likatawanyika; nadhani wengi wetu bado tunaishi hivyo.

Rafiki yangu wa karibu anaishi Uyole. Mahindi yakishavunwa, wakati baridi ya Julai imekaza, huwa ninakwenda kwake Jumamosi tukapukuchue pamoja karibu na jiko la mkaa. Tunang'oa mistari miwili ya punje kwa kidole gumba, kisha tunasugua zilizobaki kwa gunzi, mpaka ngozi ya kidole inawaka moto. Mashine ya kupukuchua ipo na bei yake si kubwa, lakini ingemaliza kazi kabla hatujamaliza hata habari za watoto. Kwenye simu nikimuuliza hali hujibu kwamba wanamshukuru Mungu. Pale jikoni, baada ya kimya kirefu ambacho hakuna aliyekiona kibaya, ndipo aliponiambia, “Dada, mwaka huu nimechoka mpaka ninaogopa,” akaendelea kupukuchua, nami sikumkatiza.

Sasa amepata uhamisho wa kwenda Sumbawanga. Kutoka hapa ni safari ya basi ya kupitia Tunduma, na najua ahadi za kutembeleana zinavyoyeyuka nauli inapokosekana. Tumekubaliana kwamba nitakwenda likizo ya Juni, bila harusi wala msiba, na nauli nimeanza kuiweka pembeni.