Hayo Mayai Yanamsikia Nani?

Bwana asifiwe, wapendwa. Zamu ya tafakari wiki hii ni yangu na nimeombwa nisiwachoshe. Nitajaribu. Lakini nina habari za kuku, na mtu aliyeangua vifaranga kwa mara ya kwanza ni kama mtu aliyepata mjukuu: hakuachi upite bila kukuonyesha picha.

Andiko letu ni Mathayo 23:37. Mnalijua. Yesu anaitazama Yerusalemu na kulia kwamba mara nyingi ametaka kuwakusanya watoto wake, "kama vile kuku avikusanyavyo pamoja vifaranga vyake chini ya mbawa zake, lakini hamkutaka!" Nimelisoma andiko hilo miaka mingi bila kumwona kuku ndani yake. Nilikuwa naona Yerusalemu tu.

Mwezi wa saba, wakati baridi ya Nairobi inapoingia mpaka kwenye mifupa, nilinunua inkubeta, mashine ya kuangulia mayai, kwa fundi mmoja wa Kariobangi. Ni sanduku la mbao lenye kioo mbele, balbu mbili, feni ndogo ya kusambaza joto na sinia la maji chini. Linachukua mayai 56. Nililiweka sebuleni, hapa Utawala, mahali ilipokuwa meza ya televisheni, na televisheni ikahamia chumbani. Mayai niliyatoa kwa mama mmoja wa Ruai anayefuga kienyeji, mwenye majogoo ya kutosha. Mtoto wa jirani aliniuliza kwa nini sikununua trei dukani, ni rahisi. Nikamweleza kwamba kuku wa mayai ya dukani kwa kawaida hufugwa bila jogoo, kwa hiyo hata ukiyalalia wewe mwenyewe mwaka mzima hayatakupa kitu. Alicheka sana. Nadhani alikuwa ananiona mimi nimeyalalia.

Kazi yenyewe ni siku 21. Joto liwe nyuzi 37.5, lisizidi sana 37.8. Unyevu asilimia 50 hivi kwa siku 18 za kwanza. Na mayai yageuzwe, kwa sababu yai lililokaa upande mmoja, kile kiumbe kilichoanza kuumbika hushikana na utando na kufa. Kuku mwenyewe huyageuza kwa mdomo mara nyingi kwa siku, usiku na mchana, bila kuambiwa. Mimi niliandika X upande mmoja na O upande wa pili kwa penseli, nikawa nageuza mara tatu: alfajiri kabla ya maombi, mchana na kabla ya kulala. Tatu, si nne. Idadi ikiwa witiri, upande uliolaliwa usiku huu hautalaliwa tena kesho, na usiku ndio mrefu kuliko zote.

Usiku wa siku ya saba nilizima taa za nyumba nzima ili niyamulike mayai kwa tochi ya simu. Giza hilo ndilo lililomtoa kijana wangu wa kwanza chumbani. Wengi wenu mnamjua, yule aliyekuwa akipiga kinanda kwenye ibada ya vijana. Alimaliza kidato cha nne mwaka juzi. Kanisani aliacha kuja polepole, kwanza Jumapili moja moja, halafu zote. Nyumbani tunaishi naye kama mpangaji mstaarabu. Alitoka akidhani stima zimepotea, akanikuta nimepiga magoti nikiwa na yai mkononi.

"Hebu shika," nikamwambia.

Akalishika juu ya mwanga. Ndani kulikuwa na mishipa myekundu imetanda kama miguu ya buibui, na katikati doa jeusi, ambalo ni jicho. Doa lile likacheza. Alikaa kimya muda mrefu kisha akasema, "Inapiga." Alimaanisha moyo. Akanisaidia kuyamaliza yote 56. Saba yalikuwa matupu, mwanga ukapita ndani yake kama glasi. Mawili yalikuwa na pete ya damu, dalili kwamba uhai ulianza ukakoma. Yakabaki 47. Akarudi chumbani, akafunga mlango.

Siku ya 13 stima zilipotea kweli, saa tisa usiku. Niliamshwa na kimya cha feni. Kabla sijapata kiberiti, yeye tayari alikuwa jikoni anachemsha maji kwa gesi (huyu mtoto halali, lakini hilo tuliweke kwenye maombi). Tulijaza chupa, tukazipanga kandokando ya sanduku, tukalifunika kwa mablanketi mawili, moja likiwa lake. Hatukufungua. Mayai hayafi kwa kupoa kidogo. Hata kuku hushuka kwenye kiota mara moja kwa siku, akale na kunywa, kisha arudi. Tulikaa pale chini mpaka stima ziliporudi karibu saa kumi na mbili. Hatukuongea jambo la maana. Aliniuliza kama kuku huota ndoto.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu.

Siku ya 18 unaacha kugeuza. Unaongeza maji, unyevu upande mpaka asilimia 65 au 70, unafunga, na hufungui tena mpaka vifaranga waanguliwe. Hiyo ndiyo sheria, na kwangu ilikuwa ngumu kuliko kuamka alfajiri. Mimi ni mtu wa kufunua. Wali wangu haukauki vizuri kwa sababu hiyo hiyo. Siku ya 20 jioni yai moja lilipata ufa mdogo wenye nyota, na kutoka ndani yake nikasikia sauti. Kifaranga analia akiwa bado ndani! Nilimpigia simu mama yangu, yuko Voi, amefuga kuku tangu sijazaliwa. Nikaweka simu karibu na kioo ili asikie.

Akasikia. Akanyamaza kidogo. "Sasa mwanangu," akasema, "hayo mayai yanamsikia nani?"

Nilicheka, nikidhani ni utani. Haukuwa utani. Akaniambia kuku anayelalia hubadilisha sauti siku za mwisho. Hulia chini kwa chini, *ko, ko, ko*, si kile kilio cha kutaga wala cha kuona mwewe. Vifaranga walio ndani ya ganda humjibu, naye akisikia wanalia kwa shida hujigeuza na kuyasogeza mayai. Baadaye nilisoma na kukuta wataalamu nao wameliona hivyo hivyo. Wanapotoka, sauti yake wanaijua kabla hawajauona uso wake. "Hiyo mashine yako," mama akasema, "ina joto, ina maji. Haina mdomo."

Nilipaswa kukaa pale nikaongea. Niliona haya. Mtu mzima, mzee wa kanisa, anazungumza na sanduku? Kwa hiyo nikafanya kile ninachokijua. Ilipofika saa tano za usiku na lile yai la kwanza halijaendelea, nikafungua. Nikalitoa, nikaanza kubandua ganda kwa kucha, vipande vidogo vidogo, huku nikimwomba Mungu aubariki mkono wangu. Chini ya ganda kuna utando mweupe. Nilipouchana ukatoa damu. Si damu nyingi, tone na tone jingine, lakini kifaranga mzima ni mdogo kuliko kiganja. Alikufa mkononi mwangu akiwa na unyevu bado. Kiini cha yai kilikuwa nje ya tumbo lake, nusu hakijaingia.

Kumbe ule muda ambao kwa macho yangu hakuna kinachoendelea ndio muda wa kazi kubwa. Kifaranga akishadonoa ufa wa kwanza, hupumzika saa 12, pengine saa 24. Anajifunza kupumua. Damu iliyokuwa kwenye utando inarudi mwilini mwake. Kiini kinavutwa tumboni kupitia kitovu, na ndicho kitakachomlisha siku mbili au tatu za kwanza. Ndiyo maana vifaranga wa siku moja husafirishwa kwa basi ndani ya boksi bila punje ya chakula na hufika salama. Mimi nilimtoa kabla hajafungiwa mzigo wake wa safari. Tena kwa kufungua nilitoa unyevu wote, na wengine waliokuwa wameshadonoa utando ukawakaukia mwilini kama karatasi.

Wahenga walishasema kuku havunji yai lake. Nilikuwa nikiisikia methali hiyo kama sifa ya upole wa mama. Usiku ule niliisikia kama amri.

Wapendwa, najua mahubiri yanayotoka hapa, maana nimeyasikia na mimi mwenyewe nimewahi kuyahubiri: mwache mtu apambane, ukimsaidia unamharibu, kifaranga lazima ajikaze mwenyewe. Ni nusu ya kweli, na nusu hiyo imewaumiza watu. Chini ya kuku hakuna kifaranga anayejikaza peke yake. Ana joto la mwili juu yake, ana ndugu wanaolia kulia na kushoto, na ana sauti. Kuku hapasui. Lakini pia hanyamazi.

Nilirudi Mwanzo sura ya kwanza. Biblia yetu inasema Roho ya Mungu "ikatulia juu ya uso wa maji". Neno la Kiebrania lililotumika hapo ndilo lile linalotumika Kumbukumbu la Torati 32:11 kwa tai anayepapatika juu ya makinda yake. Ni picha ya ndege. Dunia ilikuwa giza na ukiwa kama ndani ya yai, na Roho yuko juu yake kwa mbawa. Hajapasua chochote. Na mstari unaofuata kabisa: Mungu akasema. Joto kwanza, kisha sauti, ndipo nuru.

Ndipo nilipomwona kuku wa Mathayo 23. Yule aliyekuwa na uwezo wa kuipasua Yerusalemu kama chungu alisimama nje akaita. Akaita mara nyingi. "Mara ngapi", anasema mwenyewe, kana kwamba hata hesabu imempotea. Na hawakutaka. Hilo neno la mwisho sijui la kulifanya. Silipambi.

Waliotoka walikuwa 31. Asubuhi ya siku ya 21 mpaka jioni ya kesho yake, mmoja baada ya mwingine, wakizunguka ndani ya ganda na kulikata duara kwa kile kijino kidogo kilicho juu ya mdomo, ambacho huanguka baada ya siku chache kwa kuwa hakina kazi tena. Wanatoka wamelowa na wabaya wa sura, wanalala kifudifudi kama walevi. Baada ya saa chache ni manyoya matupu na kelele. Siku hiyo niliongea nao, haya zikiwa zimeniisha. Niliwaimbia hata pambio, na mtakaosema sauti yangu haifai, wao hawakulalamika.

Mayai 16 hayakuleta kitu. Ukitoa yule wa mkononi mwangu, manne yalikuwa na vifaranga waliokamilika, wamedonoa, wamefia mlangoni. Tuliwafukia chini ya mpapai. Msiniulize walikosa nini. Sitasema hawakujikaza, na sitasema Mungu alikuwa na mpango. Najua kosa langu la kufungua lilichangia, nimelitubu, na bado wako chini ya mpapai.

Tangu usiku ule nimekuwa nikiutazama mlango wa kijana wangu. Nimeufungua mara ngapi bila kubisha? Nimemletea mchungaji bila kumwuliza. Nimemwuliza mezani, mbele ya wadogo zake, kama bado anaamini. Nimeingia kwenye simu yake. Kucha, kucha, kipande kwa kipande, huku naomba. Halafu nilipochoka nikafanya kinyume chake: nikanyamaza miezi mitatu, nikaita kimya hicho kumwachia Bwana. Kumbe nilikuwa mashine tu. Chakula kipo, blanketi lipo, mdomo hakuna.

Siku hizi nikitoka kuwafungia vifaranga jioni napita mlangoni kwake na kusema neno moja. Si andiko, si swali. Kwamba yule mweusi ameanza kuota mabawa. Kwamba Ruai kumenyesha. Nasema na kupita, mkono siugusishi kitasa. Mara nyingi hakuna jibu.

Jumanne nilimwambia kuna githeri, nimeiacha kwenye sufuria imefunikwa. Kimya. Nilikuwa nimeshafika jikoni niliposikia sauti kutoka ndani, mlango ukiwa bado umefungwa:

"Bado ni moto?"

Nikamwambia bado.