Kete 64 za watu wasiokufa

Kila Jumamosi nikishafunga steshenari hapa Chikongola, Mtwara mjini, naisogeza mashine ya fotokopi ukutani na kuivuta meza katikati. Wanakuja wanne: binamu yangu mwenye shamba la korosho, muuguzi jirani yetu, kijana wa bodaboda na mwalimu wa hisabati. Mimi ndiye msimulizi. Kila mmoja ana mhusika wake, mimi naeleza dunia waliyomo, na penye mashaka dadu inaamua. Michezo ya namna hii ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, kwa Dungeons & Dragons. Huu wetu nimeutunga mwenyewe, na kuna kanuni moja iliyoninyima usingizi tangu Machi.

Wahusika ni watu wasiokufa. Nahodha wa Kilwa alikuwa kijana wakati msafiri Ibn Battuta aliposhuka kisiwani mwaka 1331. Yupo mchongaji wa Newala, yupo mwandishi wa nyaraka aliyewaandikia masultani, na yupo mwanamke aliyekunywa maji ya Kinjikitile mwaka 1905, naye risasi zikamshindwa kweli. Hawazeeki, hawaugui. Kinachoweza kuwamaliza ni kushindwa na mwenzao tu, na anayeshinda huchukua nguvu za aliyeshindwa.

Kazi yote iko kwenye hilo "huchukua".

Mwanzoni kila mhusika alikuwa na namba moja ya nguvu. Mnarusha dadu mojamoja, kila mtu anajumlisha na namba yake, mwenye kubwa anashinda na kuongeza nguvu za mwenzake juu ya zake. Wiki ya tatu binamu alikuwa na 12, waliobaki wana 4 kila mmoja. Mwalimu akaomba kalamu, akaandika nyuma ya karatasi iliyoharibika: mkilingana, kila mmoja ana nafasi 15 kati ya 36, na 6 ni sare. Mkipishana kwa 3, mnyonge ana nafasi 3 tu kati ya 36. Mkipishana kwa 6, hana hata moja. Binamu alikuwa amewapita kwa 8. Kijana wa bodaboda, ambaye mhusika wake alikuwa ameshamezwa, alikaa kwenye kiti cha wateja na simu yake. Iliniuma. Mtu ameacha abiria wa Jumamosi jioni aje kucheza, halafu mchezo wangu unamwambia akae pembeni.

Nikaweka kikomo. Nikajaribu kutoa nusu tu ya nguvu. Yote yalichelewesha ugonjwa uleule.

Dawa niliipata Mikindani kwa babu, Ijumaa baada ya swala.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Kaa hapa, unaniziba mwanga."

Alikuwa kwenye bao na mzee mwenzake, chini ya mwembe. Akala kete tano. Komwe za kijivu, zimelainika kwa miaka ya vidole. Hakuziweka pembeni. Alianzia kichwani, yaani shimo la mwisho wa safu, akadondosha moja moja, ya tano ikaangukia shimo lenye kete na ng'ambo yake patupu, akazizoa zote akaendelea mpaka shimo moja likafura. Mwenzake hakusema kitu. Zamu ya pili alilila lile shimo lote.

Nimecheza bao tangu sijaanza shule na sikuwahi kuliona hili. Kete ulizokula hazitoki ubaoni. Unazipanda kwako, na zinakoangukia huchagui, labda upande wa kuanzia. Na shimo lililonona ndilo mwenzako analolitazama.

Usiku huohuo niliandika upya. Kila mhusika ana mashimo 8: Mwili, Ufundi, Lugha, Kumbukumbu, Jina, Kiapo, Mapenzi, Hofu. Kila shimo linaanza na kete 2, kwa hiyo wahusika wanne wanatimiza 64, kete za bao moja kamili, na haiongezeki hata moja. Mkipambana, kila mtu anataja shimo analopigania, hata Hofu, kisha anarusha dadu moja kwa kila kete iliyomo. Inahesabiwa dadu iliyo kubwa tu, na sare ni ya mwenye kete chache. Mwenye kete moja mbele ya mwenye tisa akipata sita ameshinda. Anayeshinda anazoa kete zote za shimo alilopigania mwenzake na kuzipanda kwake, akianzia kichwa anachotaka. Mashimo yako yakiisha yote, umemezwa.

Muuguzi alizitia kete rangi ya kucha, nyekundu zake, kijani za binamu, ili tujue ipi ilitoka kwa nani. Rangi hizo ndizo zilizonipa kanuni ninayoipenda kuliko zote. Kete ya mtu ikiangukia Lugha yako, unaota kwa lugha yake. Ikiangukia Hofu, unaogopa anachoogopa yeye. Na mchezaji aliyemezwa haondoki mezani: popote rangi yake ilipo, anaweza kusema. Rafuni kwangu kuna kinyago cha ujamaa cha mpingo, watu wamepandiana kwenye gogo moja, kila mmoja na uso wake. Ndivyo ninavyotaka mshindi wa mchezo huu aonekane.

Jumamosi iliyopita umeme ulikatika, tukacheza kwa tochi za simu. Mchongaji wa binamu alimalizana na nahodha wa muuguzi. Kete mbili nyekundu za mwisho, binamu akaanzia kichwa cha mwisho: ya kwanza ikaingia Hofu, ya pili Mapenzi. Akaniambia anashuka bandarini Mikindani apande jahazi la Kilwa. Muuguzi akainama mezani, akasema taratibu, "Usipande. Mimi ndugu zangu watatu wamezama humo."

Binamu alikaa na ile kete kwenye kiganja. Kijana wa bodaboda aliacha simu. Kisha binamu akasema, "Basi natembea."

Amepita Sudi kwa miguu. Jumamosi hii atafika Kitunda, na Lindi mjini iko ng'ambo ya maji.