Tafakari ya Ijumaa: Nani Atampokea Tukimtoa?

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu katika imani.

Wiki hii usingizi umenipaa. Siku ya Jumatano, kamati ya nidhamu ya skuli ninayosomesha ilikaa kumjadili mwanafunzi wa kidato cha pili, mtoto wa miaka 15, aliyekutwa na bisibisi ndani ya mkoba wake wa vitabu. Bisibisi ile ilikuwa imenolewa kwenye saruji mpaka ncha yake ikawa kama shazia, na mpini ulizungushiwa kipande cha kanga ili usiteleze mkononi. Ililazwa juu ya meza, baina ya daftari la mahudhurio na vikombe vya chai, na kwa muda hakuna aliyetamka neno. Kisha mmoja wetu akasema kwamba jambo liko wazi na kijana aondoke, na karibu wote wakaafiki. Nilipofikiwa mimi, niliomba tupewe wiki moja ya kufikiri. Wenzangu walishangaa, kwa sababu wananijua kuwa katika vikao kama hivyo mimi huwa sina mswalie Mtume.

Nina deni, na leo nalisema mbele yenu. Miaka miwili iliyopita aliletwa kijana mwengine mbele ya kamati hiyo hiyo kwa kosa la kuongoza wenzake kupigana na wanafunzi wa skuli ya jirani. Mkono wa mwanzo kunyanyuka ulikuwa wangu. Sikuuliza anakaa na nani, wala sikuuliza kwa nini wenzake wanamfuata yeye na hawamfuati mwengine. Nilirudi nyumbani nikasali, nikala, nikalala nikiamini kwamba nimeisafisha skuli. Mwezi uliopita nilikutana na mama yake sokoni Darajani. Alikuwa ameshika fungu la mchicha, akanisalimia kwa adabu zote, kisha akaniambia kwa sauti ya chini: "Maalim, nyinyi mlimtoa asubuhi. Wenzake walimpokea mchana ule ule." Mwanawe hivi sasa yuko Chuo cha Mafunzo, yaani gerezani kwa jina la hapa Zanzibar, akisubiri kesi ya unyang'anyi. Jina hilo la chuo limenichoma, kwa kuwa chuo alichotakiwa kukaa na kufunzwa kilikuwa kwetu.

Sote tunaisoma ile aya ya sita ya Suratut Tahrim, inayotuamrisha tujikinge nafsi zetu na ahali zetu na Moto ambao kuni zake ni watu na mawe. Tunaijua pia hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga. Mara nyingi tunaifasiri hadithi hiyo ndani ya kuta za nyumba zetu tu, kama kwamba mtoto anapotoka mlangoni na mkoba wake anakuwa hana mchunga mpaka arudi. Mwalimu naye ni mchunga, sawa na maalim wa madrasa na sheha, kiongozi wa mtaa wetu, na hata muuza urojo aliyeko mbele ya lango la skuli, anayewajua watoto kwa majina kuliko sisi tunaowasomesha, anacho alichokabidhiwa.

Naomba mniwie radhi kwa nitakayoyasema sasa, kwa sababu yananigusa mimi kabla ya kuwagusa nyinyi. Mwaka 2022, habari za vijana wa Panya Road zilipoenea kutoka Dar es Salaam, za watoto wadogo wanaoingia majumbani usiku na mapanga, wengi wetu tulitikisa vichwa barazani tukasema kwamba hayo ni mambo ya bara na kwetu hayapo. Kusema hivyo ni kujidanganya. Kundi haliwezi kumwambia mtoto siku ya kwanza kwamba njoo tukaibe. Linaanza na sahani ya chipsi kwa mtoto aliyeshinda na njaa. Linampa jina la utani linalomfanya ajione ni mtu, linampa nafasi ya kukaa maskani baina ya wakubwa, na linamwambia kwamba atakayemgusa atawaona wao. Baadaye ndipo huja kazi ndogo ndogo, kama kushika kifurushi asichojua kina nini, au kusimama pembeni ya njia apige mluzi akiona mtu anakuja. Akija kufahamu ameingia wapi, tayari ana siri za watu, na mwenye siri za watu haachiwi kuondoka kirahisi.

Sisi skuli tunampa nini mtoto huyo? Ndugu zangu walimu, tuseme kweli. Tunampa namba katika darasa lililojaa, na akikosea tunampa jina. Tunamwita muhuni asubuhi mstarini mbele ya wenzake wote, na jioni anakwenda kwa watu ambao kwao jina hilo ni cheo. Tumefanya hivyo miaka mingi, kisha tunapanda mimbari kulaumu simu na filamu. Simu zina lawama yake, na filamu vile vile, lakini simu haikumwita mtoto yule muhuni. Nilimwita mimi.

Katika kuhangaika kwangu usiku wa Jumatano nilikumbuka kisa cha Abu Mahdhura, Allah amridhie, kilichopokelewa na Imamu Ahmad, Nasai na Ibn Majah. Nimekisoma mara nyingi katika mlango wa adhana, na sijapata kukisoma kama kisa cha kundi la vijana, ilhali ndivyo kilivyo. Ilikuwa mwaka wa nane wa Hijra, Mtume, rehema na amani zimshukie, akirejea kutoka Hunayn. Abu Mahdhura alikuwa njiani na vijana wenzake wapatao kumi, vijana wa Makka ambao hawakuwa na mapenzi yoyote na Uislamu. Waliposikia adhana ikitolewa, wakaanza kuiiga kwa kejeli, wakipaza sauti na kucheka. Fikirini lingetokea leo mbele ya msikiti wetu wa mtaa, vijana kumi kuifanyia adhana dhihaka. Nadhani tunajua ni nini kingetangulia, fimbo au simu ya polisi.

Mtume aliagiza waletwe, akauliza ni nani kati yao ambaye sauti yake imesikika juu. Wote wakamnyooshea kidole Abu Mahdhura, naye mwenyewe anasimulia kwamba walisema kweli. Wengine wakaachiwa, yeye akabakishwa, na bila shaka alitarajia adhabu. Badala yake akaambiwa asimame aadhini. Anasema kwamba wakati ule hakikuwepo kitu alichokichukia zaidi kuliko Mtume na kile alichoamrishwa kukifanya. Mtume akamfundisha adhana yeye mwenyewe, neno kwa neno, kwa ulimi wake mtukufu. Alipomaliza akampa kifuko chenye fedha, akaweka mkono juu ya paji la uso wake, akaupitisha usoni na kifuani, akamuombea baraka. Chuki yote ikaondoka, na kijana yule akaomba mwenyewe apewe kazi ya kuadhini Makka. Akapewa, akapelekwa kwa Attab bin Asid, liwali wa Makka, ambaye naye alikuwa kijana.

Tazameni mambo yaliyomo katika kisa hiki. Mtume hakulihutubia kundi zima kwa ujumla, alimtafuta mmoja, na alimtafuta kwa kipaji kile kile alichokuwa akikitumia kufanyia kejeli. Sauti iliyokuwa ikidhihaki adhana ndiyo iliyokuja kuiadhini kwenye nyumba tukufu. Kisha akampa kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ya heshima, akampa na kitu mkononi ambacho kwa kijana si kidogo. Na akamgusa. Abu Dawud amepokea kwamba Abu Mahdhura hakuzikata nywele za paji lake baada ya siku ile, kwa sababu mkono wa Mtume ulizipita. Alizihifadhi nywele zake kwa ajili ya mguso mmoja wa mapenzi! Nami nikajiuliza katika miaka yangu yote ya ualimu ni kijana yupi mkorofi niliyewahi kumwekea mkono juu ya bega pasipokuwa na bakora katika mkono wa pili, na jibu nililopata lilinitoa machozi.

Yule kijana aliyeko Chuo cha Mafunzo alikuwa akiongoza kasida kila Maulidi ya skuli. Wenzake walikuwa wakimfuata tangu zamani, kabla ya mapigano yoyote, kwa sababu Allah amemjaalia sauti na uwezo wa kuongoza watu. Tulikiona kipaji hicho mara moja kwa mwaka. Maskani walikiona kila siku.

Leo tutaisoma Suratul Kahf kama ilivyo ada yetu ya Ijumaa, na tutapita kwenye aya ya kumi na tatu inayowataja wale waliokuwa vijana waliomuamini Mola wao naye akawazidishia uongofu. Hao nao walikuwa kundi. Kijana hawezi kuishi bila wenzake, Allah amemuumba hivyo, na tukimkataza kundi baya pasipo kumpa kundi jema tunamkataza asichoweza kukiacha. Hadithi ya mtu kuwa katika dini ya rafiki yake tunaijua sote.

Sisemi kwamba silaha ndani ya skuli ichekewe. Bisibisi ile ingeweza kumtoboa mtoto wa mtu, na mzazi wa mtoto huyo ana haki juu yetu kama aliyonayo mzazi wa aliyeibeba. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na ulinzi huo ni wao wote wawili. Ninachosema ni kwamba kumtoa nje ya lango siyo mwisho wa hatari, bali ni kuihamishia mtaani, tena ikiwa imekasirika.

Alhamisi nilimwita kijana wetu tukakaa wawili tu, chini ya mwarobaini nyuma ya madarasa. Nilimuuliza kwa nini aliibeba, na kwa muda mrefu alikuwa akichimba ardhi kwa kidole cha mguu. Kisha akaniambia kwamba anasoma mkupuo wa mchana, wanatoka saa kumi na moja na nusu jioni, na kwenye kona baina ya skuli na kwao kuna vijana wanaomtaka ajiunge nao. Mara ya kwanza walimchukulia viatu. Mara ya pili walimwambia kwamba ya tatu watamchukulia kitu kingine. Babake yuko dago, kambi ya wavuvi, na mamake anarudi kazini baada ya Isha. Alimwambia mwalimu mmoja, akajibiwa kwamba mambo ya nje ya skuli ayamalizie huko huko nje. Akatafuta bisibisi.

Ndugu zangu, kati ya saa kumi na moja na nusu na adhana ya Magharibi hakufiki saa nzima. Skuli imeshafunga, madrasa wamesharejea, wazazi wengi hawajafika nyumbani, na kundi liko kazini. Wakati huo huo, barazani kwetu kuna wazee wanaocheza bao na karata hatua chache kutoka kona ile, nami ni mmoja wao baadhi ya siku. Tunawaona watoto wakipita. Tunawaona na wanaowangoja. Hatutakiwi kupigana na mtu wala kubeba fimbo. Inatosha tuhamishe jamvi letu tukalitandike pale konani, tuwaite vijana wale kwa majina ya baba zao, maana tunawajua wote, tuwaulize habari za kwao, na tumwambie anayeweza kuadhini njoo uadhini, anayejua mpira njoo uwafunze wadogo. Wao pia ni wetu. Kati yao yumo mmoja niliyemsomesha mwenyewe, na nadhani najua ni nani aliyemtoa.

Jumatano ijayo nitasema mbele ya kamati kwamba kijana abaki, akae chini ya uangalizi wangu, na nipewe mimi barua ya onyo itakayoandikwa, jina langu likiwa limeandikwa kando ya lake. Nimeshazungumza na maalim wake wa madrasa, naye amekubali kumpa darasa la watoto wadogo wa juzuu ya Amma. Sheha pia amesikia, na ameahidi kuzungumza na wazazi wa wale wa konani kabla jambo halijafika polisi.

Kinachokosekana ni watu wa jioni. Nahitaji watu wazima kumi, wawili kwa kila siku ya skuli kuanzia Jumatatu, wanaume na kina mama, watakaotembea na watoto kutoka langoni mpaka kona ya pili. Baada ya sala ya leo nitasimama karibu na mlango wa kaskazini, pale penye viatu, nikiwa na karatasi na kalamu. Jina langu nimeshaliandika kwenye siku ya Jumatatu, na nafasi iliyo kando yake ipo wazi.