Siku moja maishani mwangu: kuwatoa vifaranga bruda na kuwapeleka banda la nje

Saa 11:30 alfajiri

Naanza kwa kusoma kipimajoto cha banda la nje. Kimefungwa kwa waya sentimita 20 juu ya maranda, sawa na kimo cha kifaranga, maana kikiwekwa usawa wa macho ya mtu kinaeleza joto analosikia mtu. Kiwango cha chini cha usiku kilikuwa nyuzi 13. Hapa Mafinga, mkoani Iringa, tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo nyuzi 13 mwishoni mwa Septemba ni nafuu. Juni na Julai nisingemhamisha kifaranga wa wiki 5. Ningengoja wiki ya 7.

Vifaranga ni 120, chotara, wana siku 38. Taa ya bruda (chumba chenye joto cha kulelea vifaranga) imekuwa ikizimwa mchana tangu siku ya 29, na usiku tangu siku ya 33. Usimtoe kifaranga kwenye taa leo ukampeleka nje leo hiyohiyo. Azoee kwanza kulala bila taa akiwa palepale anapopajua, ndipo abadilishiwe mahali.

Saa 1 asubuhi

Kukagua manyoya. Nashika mmoja mmoja, nampulizia kifuani, mgongoni na chini ya bawa. Nikiona ngozi, au malaika tu bila manyoya kamili, huyo hajawa tayari hata kama ana mwili mkubwa. Mara nyingi ni majogoo: wanatangulia kwa uzito, wanachelewa kuota manyoya ya mgongoni. Leo wamepatikana sita. Wanabaki bruda wiki moja zaidi, wote sita pamoja, kwa sababu kifaranga akiachwa peke yake halali, analia usiku kucha. Wanaohama ni 114.

Hapohapo natazama kinyesi. Kikiwa na damu, au kikiwa cha rangi ya kahawia na chenye povu, safari inaahirishwa. Koksidiosisi (ugonjwa wa kuhara damu) iliyojificha huibuka kuku anapopata mshtuko, na kuhamishwa ni mshtuko. Kwa sababu hiyohiyo siku ya kuhama hawachanjwi. Chanjo ya mwisho ilikuwa Gumboro ya siku ya 28. Ndui itasubiri wiki ya 7.

Saa 2 asubuhi

Banda lina mita 4 kwa 3.5, yaani mita za mraba 14. Vifaranga 114 humo ni kama 8 kwa kila mita ya mraba. Baadaye watapunguzwa, ila kwa sasa wanatosha. Lilioshwa na kupakwa chokaa siku kumi zilizopita, likaachwa likauke.

Maranda ni magunia 10, kina cha sentimita 8 hivi. Mafinga hatukosi maranda, viwanda vya mbao viko kila kona, lakini chagua. Unga wa msumeno haufai: vifaranga wanaula, na ukilowa unagandamana kama keki. Maranda ya mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani-kijani, usiyaguse hata ukipewa bure.

Kisha nyavu. Wavu wa kawaida wa kuku, wenye matundu ya pembe sita, unamzuia kuku asitoke, haumzuii panya asiingie. Sehemu ya chini, sentimita 60 kutoka ardhini, tumeweka wavu mgumu wa matundu ya nusu inchi, na mwingine umefukiwa sentimita 30 chini kwa ajili ya kicheche na nguchiro. Nyasi zimefyekwa mita mbili kuzunguka banda. Jivu limemwagwa chini ya ukuta kwa ajili ya siafu. Mvua ikilowesha linamwagwa upya.

Saa 3 asubuhi

Pazia, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Pazia la viroba vilivyoshonwa hufungwa juu, kisha mtu akitaka hewa analikunja kutoka chini. Upepo unaingia usawa wa vifaranga, huku harufu kali ya kinyesi imebanwa juu darini. Geuza: ligongelee misumari upande wa chini, juu ya ukuta wa matofali, upande wa juu uvutwe kwa kamba. Ukilegeza kamba linashuka kutoka juu, hewa chafu inatoka na vifaranga hawapigwi na upepo. Usiku naacha uwazi wa kiganja kimoja juu, hata kukiwa na baridi. Pazia lililofungwa kabisa huamsha mafua asubuhi yake.

Naziba na kona zote nne kwa vipande vya ubao wa plaiwudi vilivyolazwa mshazari, nikijaza maranda nyuma yake, ili banda lisiwe na kona kali. Sababu yake itaonekana saa 1 usiku.

Saa 4 asubuhi

Kuhamisha. Kuku wakubwa tunawahamisha usiku, wametulia. Vifaranga ni asubuhi, wapate mchana mzima wa kujua maji yako wapi kabla giza halijaingia. Bruda linafunikwa madirisha liwe na giza hafifu, kisha nawachota kwa mikono miwili kutoka chini ya kifua. Usimshike mguu, usimshike bawa. Mifupa bado laini. Kila kreti 15, makreti 8, na chini ya kreti gunia kavu ili wasiteleze.

Vyombo vinahama nao vilevile, vyekundu vya maji na virefu vya chakula. Kifaranga anatambua chombo kabla ya kutambua mahali. Vyombo vya maji ni vinne vya lita 5, juu ya matofali, mdomo wa chombo ukiwa usawa wa mgongo wa kifaranga. Kikikaa chini zaidi wanakijaza maranda na sakafu inalowa. Naweka maji kwanza, yenye vitamini, na nawachovya midomo kumi au kumi na watano hivi. Wengine wataiga. Chakula kinafuata baada ya nusu saa.

Saa 6 mchana hadi saa 10 jioni

Hapa kazi ni kukaa na kutazama. Chakula hakibadilishwi leo: ni stata (chakula cha vifaranga) ileile, kilo 6 na nusu hivi kwa siku nzima. Groa, chakula cha kuku wanaokua, inaanza wiki ya 8, kwa kuchanganya robo, kisha nusu, kisha robo tatu, kila hatua siku mbili. Maji yanatakiwa yaishe lita 13 na kuendelea. Saa 10 yakiwa yameisha nusu ya hayo tu, kuna kundi ambalo halijaona chombo. Nalitafuta na kulisogeza.

Hawatoki nje kwenda kwenye udongo wiki nzima. Kwanza walijue banda kuwa ndiko kulala.

Saa 12 jioni

Nashika vifaranga kadhaa na kupapasa kifuko cha chakula chini ya shingo. Kiwe kimejaa na laini. Kikiwa kitupu, kifaranga huyo hatapata joto usiku, maana joto lake linatoka kwenye chakula. Vijiti vya kulalia viko sentimita 25 kutoka chini. Leo watapanda wachache tu, na silazimishi.

Saa 1 usiku

Saa ya hatari ni hii. Baridi yenyewe huua wachache. Wengi hufa wakiikimbia. Giza likiingia ghafla wanakwenda konani, wa juu wanapanda, wa chini wanakosa hewa, na asubuhi unaokota waliokufa wasio na jeraha lolote, unadhani ni ugonjwa. Ndiyo maana kona zimezibwa. Naning'iniza pia taa ya joto moja katikati ya banda, sentimita 50 juu yao, kwa waya na si kwa kamba ya katani inayoweza kuungua. Itawaka usiku tatu tu, pamoja na balbu ndogo ya kuwaonyesha njia. Jiko la mkaa siliweki: pazia likiwa juu, uwazi wa kiganja kimoja hautoshi kuitoa gesi ya mkaa.

Saa 2 usiku na saa 4 usiku

Naingia taratibu na tochi iliyofunikwa kitambaa. Wakiwa wametawanyika na shingo zimelala, naondoka. Wakiwa rundo, nawatenganisha kwa mkono kuanzia wa juu, nawasogeza chini ya taa. Wakiwa wamekimbilia mbali na taa huku midomo iko wazi, joto limezidi. Naipandisha sentimita 10.

Saa 8 usiku

Kipimajoto: nyuzi 18. Rundo moja dogo karibu na mlango, kama kumi na wawili, wanatoa sauti nyembamba ya kulalamika. Chini ya mlango kuna uwazi wa vidole viwili ambao mchana haukuonekana. Nakunja gunia, naliziba. Wanaanza kutawanyika.